Kuchora ramani ya huduma za afya ya msingi Mwanza bila kudanganywa na duara

Ramani nyingi za aina hii huharibikia mahali pamoja. Mchoraji anachukua orodha ya zahanati, anazungushia kila moja duara la kilomita 5, maduara yanapandana, jiji lote linaiva rangi, kisha chini inaandikwa kwamba wananchi wote wamefikiwa.

Duara hilo lina kilomita za mraba 78 na ushee. Ukiliweka kwenye zahanati ya ufukweni, sehemu kubwa yake ni maji, na linavuka ghuba kwenda Sengerema bila kulipa nauli ya kivuko. Upande wa nchi kavu linapanda Isamilo, Bugarika na Mabatini kana kwamba yale mawe ni uwanja wa mpira.

Hatua zilizo hapa chini ni kwa ajili ya Jiji la Mwanza (Nyamagana) na Manispaa ya Ilemela, ambako Sensa ya 2022 ilihesabu jumla ya watu 1,104,521. Zinapima dakika za mgonjwa njiani, halafu zinauliza akifika atamkuta nani. Kompyuta peke yake haitakufikisha; andaa na viatu vya kupandia mawe.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Kompyuta yenye RAM ya GB 8 au zaidi, na programu mbili za bure: QGIS ya kuchorea, na AccessMod ya Shirika la Afya Duniani ya kukokotolea muda wa safari.
- Simu janja mbili zenye KoboToolbox au ODK (programu za kukusanyia data kwa fomu), pamoja na pawabenki. Fomu za programu zote mbili hujazwa bila mtandao.
- Orodha ya vituo kutoka rejesta ya Wizara ya Afya ya vituo vya kutolea huduma, na orodha ya pili kutoka ofisi ya Mganga Mkuu wa Jiji au wa Manispaa.
- Mipaka ya kata na idadi ya watu kwa kata, kutoka Ofisi ya Taifa ya Takwimu.
- Gridi ya watu ya WorldPop (miraba ya mita 100, kila mmoja na makadirio ya watu wake), mwinuko wa ardhi wa SRTM (mita 30), matumizi ya ardhi ya ESA WorldCover (mita 10), na barabara za OpenStreetMap.
- Barua ya Mkurugenzi wa halmashauri husika. Kazi ikiwa ni utafiti, ongeza kibali cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Anza na barua hizi kabla ya yote, maana ndizo huchukua muda mrefu kuliko ramani yenyewe.

## Hatua ya 1: Amua unampima nani, anakwenda wapi, saa ngapi

Andika sentensi moja kabla ya kufungua kompyuta. Mfano: "Mama mwenye mtoto mgonjwa, kwa miguu, mchana, kwenda kituo cha karibu chenye huduma ya watoto." Sentensi hiyo ndiyo itakayochagua vituo, mwendo na saa. Ukibadilisha neno moja, ramani inabadilika.

Zahanati nyingi hufuata saa za kazi za serikali, saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri. Kwa hiyo tengeneza ramani mbili tangu mwanzo, ya mchana na ya usiku. Kwa mama mwenye uchungu saa 8 usiku, zahanati iliyofungwa ni jengo tu.

Hospitali ya Bugando, ambayo ni ya kanda, na Sekou Toure, ya mkoa, ziweke kwenye tabaka (safu ya data kwenye ramani) la peke yake. Ukizichanganya na zahanati, madaktari bingwa wao watafanya katikati ya mji paonekane pamejaa huduma ya msingi, wakati kwa utaratibu mtu hufika huko kwa rufaa. Najua wapo wanaokwenda moja kwa moja. Hao waandikie maelezo yao, ila usiwape zahanati ambayo hawana.

Umefaulu ukiwa na: sentensi moja kwa kila ramani, na orodha ya ngazi za vituo vinavyohesabika: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya.

## Hatua ya 2: Safisha orodha ya vituo

Weka orodha zote mbili kwenye jedwali moja na uzilinganishe kwa namba ya kituo. Majina hayaaminiki: kituo kilekile kinaweza kuandikwa kwa jina la mtaa sehemu moja na kwa jina la mmiliki sehemu nyingine, na zahanati iliyopandishwa kuwa kituo cha afya huweza kubaki mara mbili.

Kila mstari uwe na: namba, jina, ngazi, mmiliki (serikali, dini, binafsi), kata, mtaa, hali (kinafanya kazi au kimefungwa), latitudo, longitudo.

Kisha kagua kodineti. Mwanza iko karibu na -2.5, 32.9. Makosa matatu hujirudia, na kila moja lina alama yake:

1. Alama ya kutoa imesahaulika: kituo kinaangukia kaskazini mwa Uganda.
2. Namba zimepishana nafasi: kinaangukia Morocco.
3. Kituo kimesogea kama mita 300 hivi, na vingine vyote vimesogea upande uleule. Hapo data ni za mfumo wa zamani wa kodineti, Arc 1960, ila zimesomwa kama WGS 84, mfumo wa GPS. Hili ndilo baya kuliko yote kwa sababu ramani bado inapendeza. Utaligundua tu ukiona zahanati ya Kirumba inaelea ziwani.

Angalia pia idadi ya tarakimu baada ya nukta. Tarakimu tano hukupa usahihi wa mita moja hivi. Tatu hukupa mita 110, na kwenye mtaa uliobanana hiyo ni ng'ambo nyingine ya korongo.

## Hatua ya 3: Nenda ukavione vituo

Watu wawili na bodaboda moja wanaweza kumaliza vituo 8 hadi 10 kwa siku. Pangeni safari kufuata njia kuu tatu: Barabara ya Kenyatta kwenda Mkuyuni, Butimba hadi Buhongwa; Barabara ya Nyerere kwenda Nyakato na Igoma; na Barabara ya Makongoro kwenda Kirumba, Pasiansi hadi uwanja wa ndege. Jumatatu asubuhi muiache, mganga mfawidhi hatakuwa na nafasi ya kuwasikiliza.

Kodineti ichukuliwe kwenye mlango anaoingilia mgonjwa, si katikati ya eneo. Simama nje ya bati, subiri hadi simu ionyeshe usahihi wa mita 5 au chini, ndipo ubonyeze. Chini ya bati au ubavuni mwa jabali namba hurukaruka.

Maswali ya fomu yasizidi kumi na mawili. Haya ndiyo yenye faida:

- Mnafungua na kufunga saa ngapi? Wikiendi je?
- Leo wapo watoa tiba wangapi (daktari, tabibu, tabibu msaidizi) na wauguzi wakunga wangapi?
- Kliniki ya mama na mtoto ni siku zipi?
- Mnazalisha? Usiku pia?
- Kupima malaria kupo leo?
- Bima zipi zinapokelewa?

Neno "leo" limewekwa makusudi. Ukiuliza "mna watumishi wangapi" utapewa ikama, yaani idadi ya watumishi waliopangiwa kituo, na kwenye ikama yumo aliyeko masomoni na aliye likizo ya uzazi.

Omba kuona rejesta ya wagonjwa wa nje ya MTUHA (mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya) na uhesabu waliohudhuria siku tano za kazi, ukiandika mtaa wanakotoka tu. Usinakili majina wala namba za simu, na usipige picha ukurasa wa rejesta. Taarifa za afya za mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na picha iliyobaki kwenye simu ya mkusanya data huwa haina mwenyewe.

Maduka ya dawa muhimu yaandike kwenye fomu tofauti. Wengi huanzia hapo, na ukitaka kujua kwa nini zahanati fulani haina foleni, mara nyingi jibu liko dukani ng'ambo ya barabara. Ila usiyahesabu kama vituo vya tiba.

Umefaulu ikiwa: kila kituo kina kodineti ya mlangoni na idadi ya watumishi wa siku hiyo, na kila kilichofungwa kimeandikwa kimefungwa.

## Hatua ya 4: Weka watu mahali wanapoishi

Kata ina maeneo yenye watu na maeneo matupu. Ukiwaeneza watu sawasawa kwenye kata nzima, utawajaza majarubani na juu ya miamba. Ndiyo maana tunatumia gridi.

Gridi nayo haijui sensa ilisema nini. Jumlisha watu wa gridi ndani ya kila kata, kisha gawa idadi ya sensa kwa jumla hiyo. Mfano wa hesabu: gridi inasema 27,400, sensa inasema 31,510. Ukigawanya unapata 1.15. Zidisha kila chumba (mraba) cha gridi cha kata hiyo kwa 1.15. Fanya hivyo kata kwa kata, kwa sababu kata za pembeni zinazojengwa haraka, kama Buhongwa au Kiseke, zina kosa lao na Pamba ina lake.

Kabla ya kuzidisha, toa watu walioko ziwani. Ukingo wa gridi haulingani na ukingo wa maji, na utakuta watu wamepangiwa makazi kwenye mawimbi. Wahamishie vyumba vya jirani vyenye nyumba. Ukiwafuta, ufukwe wote unapungua watu.

## Hatua ya 5: Tayarisha ardhi, njia na vizuizi

Kila tabaka ligeuzwe kuwa mfumo wa kodineti wa WGS 84 / UTM kanda ya 36 Kusini (namba ya EPSG 32736). Kipimo chake ni mita, na AccessMod inakataa digrii. Kila gridi iwe na vyumba vya ukubwa mmoja. Mita 30 zinatosha Mwanza; mita 100 zinameza ngazi na vichochoro.

Panua eneo. Usikate ramani kwenye mpaka wa jiji. Chukua kilomita 10 za ziada, zifike Kisesa upande wa Magu na Usagara upande wa Misungwi. Mkazi wa pembezoni mwa Igoma hajui mpaka wa halmashauri anapoumwa. Ukikata mpakani, kata zote za pembeni zitaonekana hazina huduma hata kama kituo kiko mita 600 kutoka hapo.

Ziwa ni kizuizi. Lipake lote. Mito nayo, Mirongo ukiwemo, ni kizuizi isipokuwa kwenye madaraja na vivuko vya miguu. Hapa pana mtego wa kiufundi: mto wenye upana wa chumba kimoja cha gridi huvuja. Programu inapita kwenye pembe kati ya vyumba viwili na kuvuka bila daraja. Unapougeuza mto kuwa gridi, chagua kwamba kila chumba kinachoguswa na mstari kihesabiwe.

Vijia vya mlimani. OpenStreetMap ina barabara nyingi za Mwanza, lakini vijia vya kwenye mawe vina mapengo. Panda na simu ikiwa inarekodi njia. Angalia kijia cha kawaida cha Mabatini kilivyo: kinaanza kama uchochoro wa hatua mbili kwa upana, kinageuka ngazi za zege ambazo kila mwenye nyumba amejenga kwa kimo chake, kinabana kati ya mawe mawili hata ndoo ya kichwani lazima ishushwe, halafu maji ya sabuni yanatiririka katikati. Kwenye picha ya setilaiti pale hapaonekani kitu zaidi ya mabati na jiwe. Kwa mwanamke mwenye mimba ya miezi minane, ndiyo barabara yake pekee.

Rekodi angalau vijia vikuu vitano kwa kila mlima wenye makazi, na uviunganishe na barabara. Mstari unaoishia mita mbili kabla ya barabara, kwa programu haujaungana nayo.

## Hatua ya 6: Weka mwendo

Anza na namba hizi za mtembea kwa miguu kwenye tambarare, kisha utazirekebisha kwenye Hatua ya 8:

- Lami na barabara ya vumbi nzuri: kilomita 4.5 kwa saa
- Vichochoro vya mtaani: kilomita 4
- Kijia cha mawe na ngazi: kilomita 3
- Mashamba na majaruba: kilomita 3

Kwa mgonjwa au mama aliyebeba mtoto, zidisha zote kwa 0.7.

Usishushe kijia cha mawe chini ya 3 kwa sababu "ni mlima". AccessMod yenyewe hupunguza mwendo kwa kanuni ya Tobler: mwinuko wa asilimia 20 hupunguza mwendo wa kupanda hadi karibu nusu, yaani kutoka kilomita 5 hadi 2.5 kwa saa. Ukishusha namba na programu ikashusha tena, umemtoza mtu mlima mara mbili.

Chagua pia upande wa safari. Kwenye milima ya Mwanza, kwenda zahanati mara nyingi ni kushuka, na kurudi ndiyo adhabu. Kokotoa pande zote mbili na utumie kubwa. Ramani nyingi hupima kushuka tu.

Bodaboda: kilomita 20 kwa saa kwenye lami, 10 kwenye vumbi, na sifuri kwenye ngazi. Mtu hushuka kwa miguu hadi kijiweni ndipo apande, na AccessMod huruhusu mchanganyiko huo. Kwa daladala, ongeza dakika 10 za kusubiri baada ya hesabu. Masika, Machi hadi Mei, barabara za vumbi zipunguze hadi 6 na uendeshe hesabu upya.

Kama ramani yako inagusa ng'ambo ya ghuba au visiwa, chora njia ya kivuko kama barabara na umeze kusubiri ndani ya mwendo. Mstari wa kilomita 3, ukichukua dakika 45 pamoja na kusubiri, mwendo wake ni kilomita 4 kwa saa. Usiku ufute, kama chombo hakifanyi kazi.

## Hatua ya 7: Kokotoa muda, kisha kokotoa msongamano

Endesha hesabu ya muda. Utapata gridi ambayo kila chumba kina dakika hadi kituo cha karibu. Igawe kwa dakika 0–15, 15–30, 30–60 na zaidi ya 60, kisha jumlisha watu wa kila kundi kwa kata.

Wengi huishia hapo. Lakini dakika 12 hadi kituo chenye tabibu mmoja na foleni ya watu 90 si sawa na dakika 12 hadi kituo chenye watatu. Kwa hiyo fanya hesabu ya pili, kwa hatua mbili.

Kwanza, kwa kila kituo, hesabu watu wote wanaoweza kukifikia ndani ya dakika 30, na ugawe watoa tiba kwa watu hao. Tuseme kituo A kina watoa tiba 2 na watu 20,000: ni 1 kwa kila 10,000. Kituo B kina 3 na watu 10,000: ni 3 kwa kila 10,000.

Pili, simama kwenye kila chumba cha gridi na ujumlishe uwiano wa vituo vyote kinavyovifikia ndani ya dakika 30. Nyumba inayofikia A peke yake ina 1. Inayofikia A na B ina 4.

Endesha mara mbili: mara ya kwanza vituo vyote, mara ya pili vituo vya serikali tu. Tofauti kati ya ramani hizo mbili ndiyo yenye habari. Mahali panaposhuka kutoka 4 hadi 0 ni mtaa wenye huduma kwa mwenye fedha au bima, na usio na huduma kwa asiye nazo.

## Hatua ya 8: Ipeleke ramani mtaani ikasahihishwe

Mwambie QGIS achague nukta 20 ovyo ndani ya maeneo yenye watu, angalau 8 ziwe mlimani. Nenda kila moja, tembea hadi kituo ambacho ramani imekitaja, na upime muda kwa saa ya simu. Mtangulize mwenyekiti wa mtaa au mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kumtafutia mgeni njia ndiyo kazi wanayoijua, na utaepuka maswali ya "mnapima viwanja?"

Kabla ya kuanza kutembea, uliza wenyeji: "Mtoto akiumwa, mnampeleka wapi?" Wakitaja kituo kingine, uliza sababu. Majibu kama dawa huisha, kuna njia ya mkato, au kwenye kona fulani kuna vibaka jioni, ni marekebisho ya ramani.

Nukta zaidi ya tano zikitofautiana na ramani kwa asilimia 25 au zaidi, rudi Hatua ya 5. Makosa yakiwa mlimani tu, tatizo ni vijia vilivyokosekana. Yakiwa kila mahali na upande mmoja, tatizo ni mwendo. Yakiwa karibu na mto, umevuja.

## Hatua ya 9: Chapisha ramani itakayosomeka kikaoni

Tumia karatasi ya A3, ramani moja kwa swali moja. Rangi ziende kutoka nyepesi hadi nzito ya aina moja, kwa sababu nakala itakayofika Kamati ya Maendeleo ya Kata itakuwa ya fotokopi nyeusi na nyeupe, na nyekundu na kijani hutoka kijivu kilekile. Andika majina ya mitaa, shule na masoko. Mjumbe hujitafuta kwanza kwa soko la kwao.

Sehemu zisizo na watu ziache nyeupe. Mlima mtupu uliopakwa rangi ya "zaidi ya saa moja" huiba macho, na wajumbe watajadili jiwe lisilo na mkazi.

Chini ya ramani weka mstari mmoja wa maandishi: tarehe ya kutembelea vituo, mchana au usiku, kwa miguu au kwa chombo, vituo vyote au vya serikali. Pembeni weka jedwali la kata lenye safu nne tu: watu, walio ndani ya dakika 30 mchana, walio ndani ya dakika 30 usiku, na watoa tiba kwa kila watu 10,000. Panga kuanzia kata yenye hali mbaya zaidi usiku.

Hifadhi jedwali la vituo pamoja na tarehe, na upige simu kwa wafawidhi kila baada ya miezi sita kuulizia saa za kazi na watumishi. Tabibu mmoja akihamishwa kutoka kituo chenye wawili, majengo yote yako palepale na uwiano umeshuka kwa nusu.